Saa Kumi na Moja ya Kompyuta

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Anderson kanikera tena! Bosi gani huyu. Anatembea Same nzima akijisifia mfumo wetu wa kuwatumia wakulima wa Kihurio ujumbe wa zamu za maji ya mfereji. Wetu — nimeuandika mimi, yeye kagusa mistari michache tu. Leo ndiyo tumeuwasha. Kaniita "binti wa majaruba" mbele ya wageni, kwa kuwa baba analima mpunga Kihurio. Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga.

Jumanne, 8 Oktoba
Baba kapiga simu. Wanamwita mwizi wa maji! Ujumbe ulisema zamu yake ni 11:00 asubuhi. Akaenda saa kumi na moja alfajiri, akafungua maji. Kumbe zamu ya jirani yake, Jabiri. Jabiri hana simu, aliambiwa kwa mdomo. Wakasukumana mpaka wakaangukia mferejini. Mzee wa miaka sitini na saba! Kamati inataka kumnyima maji msimu mzima. Mpunga ndiyo kwanza kaupandikiza. Utakauka wote.

Nimeangalia. Zamu ilikuwa saa tano. Kompyuta inahesabu saa za Kizungu, saa tano kwake ni kumi na moja. Ikabandika "asubuhi", eti Kiswahili. Cha wapi?

Nikamwambia Anderson. Kasema wakulima wajifunze kusoma saa. Namchukia.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimetafuta nani aliandika ule mstari wa programu unaopanga saa, nimwanike Anderson.

Jina langu. Ijumaa moja, nawahi basi. Nilichagua "Kiswahili", nikaona maneno yamebadilika, nikafunga.

Bado namchukia.

Ijumaa, 11 Oktoba
Anderson hataki nirekebishe kabla ya kikao cha kamati kesho, cha kumwamulia baba. Kasema: "Ukirekebisha, umekiri. Na ukifungua mdomo kule, tafuta kazi nyingine."

Baba kapiga mara mbili. Sijapokea. Aibu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kihurio, ofisi ya kijiji. Nimekuja na gari la Anderson. Kikao ni saa tatu; sasa saa tatu na nusu, kiti cha baba kitupu. Simu haipatikani. Jabiri anasema mwizi kajificha. Anderson anatikisa kichwa, eti anasikitika. Mnafiki!

Wanakamati waliitwa kwa mdomo. Baba kaitwa na mfumo. Nimeingia kwenye mfumo kwa simu yangu, nikaufungua ujumbe aliotumiwa: "Kikao 9:00 asubuhi."

Saa tisa usiku hakuna kikao, kwa hiyo atakuja saa tisa alasiri. Na kanzu yake ya Idi.

Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno kabla hawajaamua. Anderson kanikodolea macho. Nimenyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika, maana nikiacha kuandika itabidi nise