Zimwi Mwenye Kofia ya Baba

Mjukuu wangu Zubeda,

Sisi huku Mafubira hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Nimepata picha ya zimwi wa kitabu chako. Unauliza kama nitachukia kwa kuwa umempa pengo langu.

Nilipokuwa na umri wako, nilichora zimwi anayemeza mitumbwi ya kule ziwani Wanyange lakini anaogopa kuku. Nikamvisha kofia ya baba, maana baba akimwona jogoo mlangoni alipitia nyuma ya nyumba.

Siku moja akalikuta daftari langu. Nikasubiri fimbo. Akaitazama picha weee, kisha akasema, "Kofia siivai upande hivi. Rekebisha." Tangu hapo, kila akitoka msikitini aliniuliza, "Zimwi wetu amefika wapi?"

Mchore tu, mama. Ila pengo langu liko kushoto.

Bibi yako anayekupenda