Tangi Lako Limekwenda Lindi

Dada Somoe,

Sijui nikusalimie vipi. Tulizoea kusalimiana kupitia ukuta, mimi chumbani kwangu na wewe kwako, hata kabla hatujafungua milango. Sasa nikiamka nanyamaza, nasikiliza, halafu nakumbuka.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea kuhusu samaki wako, na humu ndani sina wa kumwambia. Mume wetu nikianza tu kukutaja, anachukua kofia yake anatoka.

Siku tuliyokuzika, nyumba ilijaa watu wa mtaa wetu wa Ufukoni. Wanawake walipika, wakafagia, wakadeki. Jirani yetu Bi Mwajuma akaliona tangi la samaki, vioo vina utelezi wa kijani, majani yamesongamana, akaona haifai wageni wa msiba waukute uchafu ule. Akawatoa samaki akawatia kwenye beseni, akamwaga maji yote, akang'oa majani, akasugua vioo kwa sabuni. Na sabuni yenyewe, dada, ni kile kipande cha mgawo alichopangia foleni duka la ushirika, alichokiweka afulie sare za wanawe. Akajaza maji ya kisima cha hapa, yale yenye chumvi. Akawarudisha.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani kwako. Nilipotoka, samaki walikuwa wanaelea, matumbo juu. Bi Mwajuma amesimama na ndoo mkononi.

"Nilitaka kumsafishia marehemu," akasema.

Nikamshika mkono, tukalia.

Walipona wachache tu, waliobaki ndani ya beseni bila yeye kuwaona.

Wengine wananiona sina akili, kumlilia mke mwenza namna hii. Hawajui tulivyoanza. Nilipoolewa hapa ulikuwa hunisemeshi, na mimi sikukulaumu. Ulikuwa unapita na kapu lako kana kwamba mlangoni hakuna mtu. Kisha yule mwenye duka la bangili pale Chikongola akafunga biashara, ukaja nyumbani na kabati lake la kioo kichwani mwa mchukuzi. Mume wetu akalichomelea fremu ya chuma liwe tangi la samaki, wewe ukaziba viungo kwa lami, ukikaa uani mikono myeusi mpaka viwiko. Ukahitaji mtu wa kushika kioo kisiteleze. Hapakuwa na mwingine.

"Njoo ushike hapa," ukaniambia. Ndiyo maneno yako ya kwanza kwangu.

Nilishika. Na baada ya hapo nikashika kila kitu. Tulikwenda wote kwenu Mahurunga, tukachota tope la bwawa la kando ya Ruvuma, tukaleta yale majani marefu kama utepe, na vile visamaki vyenye mkia mwekundu ambavyo kaka yako alivikamata kwa chandarua. Nilikuwa na haraka ya kuwaona wakiogelea. Ukanikataza. Tope kwanza, juu yake mchanga uliooshwa mpaka maji yake yawe safi. Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji ya mvua kwenye sahani ili yasichimbe. Panda majani. Kisha uache. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, nikasema yameoza. Ukacheka, na sikuwahi kukusikia ukicheka.

"Yanajipanga," ukasema. "Tuyaache yajuane na udongo."

Nilipotaka kuyabadilisha yote, ukanizuia mkono. "Maji mapya ni mgeni. Usimlete na ukoo wake wote." Ndoo moja tu, kisha tusubiri.

Basi baada ya msiba nilifanya hivyo hivyo. Niliosha vioo kwa maji matupu mpaka harufu ya sabuni ikaisha. Mahurunga sikuweza kwenda, lori la kijiji halikuwa na mafuta. Nilichota tope kwenye mabwawa ya njia ya Naliendele, nikatumia maji ya pipa letu la mvua. Majani yako mengi yalioza. Vishina viwili vilishika. Maji yalikuwa meupe, yakawa ya kijani, nikaziba dirisha kwa kanga yako jua lisipige, nikasugua kioo kwa kumbi la nazi. Asubuhi moja nikaona mpaka upande wa pili. Nikawatia wale wachache. Nilikaa pale sakafuni nikakuita jina lako kwa sauti.

Kisha tukakusomea arobaini, na Zainabu wako akaja kutoka Lindi.

Unamjua mwanao. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo, mama mdogo," lakini macho hayakuwa kwangu. Alifunga kanga zako, akafunga vyungu vyako, ni haki yake. Halafu akaweka mkono juu ya tangi.

"Na hili nalichukua."

Nikamwambia halisafiri na maji, litapasuka kwenye mashimo ya barabara. Akasema atalimwaga. Nikamwambia samaki hawa ndio kwanza wamepona. Hapo sauti yake ikapanda.

"Mama alijua kila samaki anakula nini! Nikija likizo, habari ni samaki. Nimejifungua, amekuja, siku ya pili anasema arudi awaone samaki wake. Mimi hakuniuliza hata nalala vipi."

Akakaa kitandani kwako, akafunika uso kwa ncha ya kanga. Nilitaka kukutetea, dada. Nilitaka kumwambia kwamba hukujua kusema mambo hayo kwa mdomo, kwamba ulirudi kutoka Lindi ukakaa mbele ya lile tangi ukimtaja yeye na mtoto, jioni nzima. Nikamwambia hilo la mwisho tu. Akauliza, "Alisema nini?" Nikamwambia ulisema mtoto ana masikio ya kwenu. Akalia kwa sauti ya mtoto mdogo.

Asubuhi nililimwaga mwenyewe, kikombe kwa kikombe, ili mchanga usivurugike. Sikutaka mtu mwingine aliguse. Nilimfungia kishina kimoja kwenye gunia bichi, na tope kidogo kwenye kopo, nikamweleza habari ya sahani na ya kusubiri. Alikuwa anatazama kwingine. Sijui kama alisikia. Tulilifunga tangi kwa mikeka, likapandishwa juu ya basi.

Samaki wako niliwatia kwenye mtungi wangu wa maji. Wanaishi. Ila mtungi hauna ubavu wa kuonea, nawaona migongo tu, tena nikiinama juani. Chumba chako ni kitupu. Pale lilipokuwa tangi, sakafu ina alama ya kutu yenye pembe nne, na mume wetu anaizunguka akipita.

Lala salama, mwenzangu. Korosho zikishaokotwa nitakwenda Lindi kwa Zainabu. Nikikuta amepanda kile kishina, nitamsaidia kubadilisha maji, ndoo moja tu. Nikikuta ametia nguo za mtoto ndani ya tangi, sitasema neno. Nitakaa naye, nimuulize analala vipi.

Mwenzako,
Mwanahawa