Watu Wasio na Makaburi

Mbinga,
9 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepunguza maumivu. Mimi sijambo, ila mvua za huku hazitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Nimempa Isidori, kondakta wa kosta, barua hii pamoja na maharage, maana simu umeikataa. Sikulaumu. Simu ndiyo iliyotuletea habari mwaka jana kwamba boti aliyopanda mwanao Hamphrey imepinduka ziwani, wenzake wote wamepatikana, wazima na waliokufa, ila yeye hajaonekana.

Kazi inaendelea. Mwaka huu nimepewa kipindi cha dini cha Ijumaa, kidato cha tatu. Ukristo na Uislamu wanafunzi wanaujua tangu nyumbani, nikaona niwafundishe dini zisizosemwa sana: Wajaini wa India, Wayazidi wa Iraki, Waparsi wanaosali mbele ya moto. Vitabu hatuna. Natumia akili mnemba kwenye kishikwambi changu. Wanauliza kwa Kiswahili, inajibu kwa Kiswahili, kisha tunapekua kama imesema kweli. Wazazi wamekuja kulalamika kwamba nawarudisha watoto upaganini. Mwalimu Mkuu, Mzee Wendelin, akawajibu, "Kujua mlango wa jirani siyo kuhamia kwake."

Wifi yangu Glorious hajambo? Nasikia kaka zake wametoka Litumbandyosi kuja kumchukua. Mama, mke wa Hamphrey bado msichana mdogo. Mfikirie.

Binti yako,
Herieth


Mbamba Bay,
23 Februari 2025

Mwanangu Herieth,

Marahaba. Huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mguu bado, lakini kanisani unanifikisha. Maharage tumeyapokea, ahsante. Nami nakutumia dagaa wetu, usipa. Usiugawe mtaa mzima kama kawaida yako.

Ndiyo, kaka zake Glorious walikuja. Nikawapa viti, nikawapa ugali. Mkubwa wao akasema, "Mama, tumemfuata dada yetu, maana msiba umeshapita." Nikamwuliza, "Msiba gani? Umezika nani hapa?" Wakaangaliana, wakanawa mikono, wakaondoka.

Padre Ignatio naye alikuja kuniomba tumsalie Hamphrey misa ya marehemu. Nikamjibu hivyo hivyo. Mimi nimezaliwa Mapera, milimani, Herieth. Kwetu mtu akifa analala nyuma ya nyumba karibu na mibuni, ukipita na jembe unamsalimu. Asiye na kaburi hajafa, amechelewa. Huenda alitokea upande wa Malawi, anauguzwa na watu wasiojua kwao. Katika nyumba hii hakuna msiba, na sitaki kusikia mtu analia.

Hao watu wako wa moto, wao wanazika vipi?

Mama yako


Mbinga,
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Poleni na kazi za shamba. Usipa umenifikia, nimeula peke yangu kama ulivyoagiza.

Umeuliza Waparsi wanazika vipi. Mama, kwa desturi yao ya kale hawaziki. Kwao ardhi, moto na maji ni vitakatifu, maiti haitakiwi kuvigusa. Mwili waliuweka juu ya mnara, mahali pa wazi, ndege wakaumaliza. Wanaamini roho hukaa karibu siku tatu, na alfajiri ya nne huvuka daraja. Hawana kaburi la kupita na jembe. Lakini mwaka wao unapokaribia kwisha huwawekea marehemu maua, na majina yao husomwa katika sala.

Nilipofundisha hayo, msichana mmoja, Violet, aliiuliza mashine: "Na aliyezama ziwani asionekane, yeye anavukaje daraja?" Ikajibu vizuri mno, maneno laini yanayoshika moyo, ikataja na kitabu yalikotoka. Mimi nilitoka nje nikalia, Mama. Niliporudi waliniuliza kulikoni, nikawasimulia habari za Hamphrey.

Kesho yake nikakitafuta kile kitabu. Hakipo. Mashine ilikitunga, na jibu lenyewe sikuliona popote. Ijumaa iliyofuata nikawaambia ukweli. Violet akasema, "Lakini Mwalimu, lilikuwa jibu zuri." Nikamwambia, "Ndiyo maana tuliogope. Aliyefiwa hapewi maneno matamu yasiyo na mwenyewe."

Kwa hiyo sikuletei jibu la mashine. Nakuletea hilo la maua na majina, ambalo nimelipekua mwenyewe nikaona ni kweli. Watu wanaweza kukosa kaburi na bado wakamuaga mtu wao. Mama, mruhusu Padre asome jina la Hamphrey. Mruhusu Glorious aende.

Binti yako,
Herieth


Mbamba Bay,
2 Aprili 2025

Herieth,

Nimesoma.

Nilikusomesha ukafundishe, sikukusomesha ukamfanye ndugu yako somo. Sasa watoto wa watu wanamjua mwanangu kwa kuzama tu. Hawajui alivyokuwa akicheka mpaka anakaa chini. Hawajui alivyonibeba mgongoni mguu uliponivimba, barabara nzima, watu wanatutazama.

Unaniandikia kwamba watu hao hawataki maiti iguse maji. Mimi maji ya kunywa nachota ziwa hilo hilo alimo mwanangu. Nachota, nachemsha, nakunywa. Ulifikiri nini uliponiandikia hayo?

Ona umenifanya niandike nini.

Usiniandikie tena.

Mama


Mbinga,
29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui mguu unaendeleaje, kwa kuwa hunijibu. Uliniambia nisiandike. Nimeandika, ukanyamaza, nimeandika tena, ukanyamaza. Isidori anasema unazipokea barua, unazikunja, unamwambia ahsante, basi.

Nilipokuja likizo ya Pasaka ulinikaribisha kama mgeni. Chai, kiti, habari za safari. Glorious alipita na ndoo, hakuinua macho. Nililala usiku mmoja katika nyumba niliyozaliwa nikajiona nimezidi.

Ulisema kweli, Mama. Niliwapa wanafunzi kifo chake tu. Kwa hiyo tuliporudi kwenye kile kipindi, kishikwambi nilikiacha ofisini. Niliwaambia alivyocheka. Niliwaambia alivyokubeba. Violet aliuliza, "Mwalimu, kwa nini leo hatuulizi mashine?" Nikamwambia, "Huyu haimjui."

Sikuombi tena chochote kuhusu misa. Kama wewe unamsubiri, basi nitamsubiri pamoja nawe. Lakini usiniache nimpoteze na mama pia.

Binti yako,
Herieth


Mbamba Bay,
14 Septemba 2025

Mwanangu Herieth,

Marahaba, kwa shikamoo zote ulizoniandikia nami nikanyamaza. Hujambo? Wanafunzi hawajambo? Mimi mwili haujambo.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilimfuata Glorious ziwani, alikokwenda kuosha vyombo. Nikamkuta amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, sauti haitoki. Nikamwuliza, "Unalia nini?"

Akashtuka. "Silii, Mama. Ni moshi."

Herieth, ufukweni pale moshi unatoka wapi? Nikakaa mchangani karibu naye. Nikamwuliza, "Unamlilia?"

Akasema, "Namlilia kwa kuiba, Mama. Tangu mwaka jana. Nyumbani ulikataza."

Mke wa mtu anaiba machozi yake mwenyewe kama mwizi wa kuku, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Niliosha sufuria zilizobaki.

Nikaenda kwa Padre Ignatio kwa mguu wangu huu huu. Misa imesomwa. Jeneza halikuwepo, ilikuwa meza yenye kitambaa cheupe, basi. Glorious alilia mpaka wanawake wakamshika. Wewe sikukuita. Naomba unisamehe. Niliogopa kwamba nikikuona nitageuka mlangoni nirudi nyumbani.

Kaka zake wamekuja wamemchukua. Alipiga magoti kuniaga, akasema, "Mama, nisamehe nakuacha peke yako." Nikamwambia, "Inuka. Hujaniacha, nimekupeleka. Ukiolewa usiniletee habari. Ukizaa, niletee mtoto nimwone." Gari likapandisha mlima. Nikarudi ndani nikakaa kwenye kitanda chao.

Hao watu wako wa moto nimewafikiria sana. Wana bahati, wao wanajua mwili wameuweka wapi. Lakini hilo la jina ni kweli. Padre alipotamka "Hamphrey" mbele ya watu wote, niligeuka nikatazama mlango. Aliitwa, Herieth, na hakuitika. Ndipo nikajua.

Najua ukimaliza kusoma utatafuta gari uje. Usije kwanza. Njoo mwezi ujao, nitakupikia. Watu walinishangaa misani, jicho langu kavu kama jiwe. Niache siku chache nimlilie mwanangu. Nilikuwa bado sijaanza.

Mama yako