Nani Atajitaja Ndugu wa Watoto wa Aurore

JUMUIYA YA MSHIKAMANO, MOUNT DENNIS, TORONTO
KIKAO CHA DHARURA, JUMAPILI 18 JANUARI 2026
Mahali: chumba cha chini cha kanisa

Waliohudhuria: Télesphore (Mwenyekiti), Thacienne (Mjumbe), Brice (Mjumbe), Elysée (Katibu).
Wasiohudhuria: Aurore (Mjumbe), amelazwa hospitali. Patrick (Mjumbe), hakutoa taarifa, ingawa gari lake lilionekana nje.

KUMB. NA. 1/2026: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri kwa sala fupi kuliko kawaida yake.

KUMB. NA. 2/2026: MASAHIHISHO YA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Thacienne aliomba neno "shangazi" lifutwe mbele ya jina lake katika kumbukumbu za sherehe ya mtoto wa Aurore. Mwenyekiti aliomba lake la "baba mkubwa" lifutwe pia. Katibu alieleza kwamba siku ile vyeo hivyo viligombaniwa hadi keki ikachelewa kukatwa. Maneno hayo hayakufutwa.

KUMB. NA. 3/2026: WATOTO
Katibu alieleza kwamba Aurore alifanyiwa upasuaji wa ghafla Ijumaa na hajazinduka. Watoto wake wawili, wa miaka saba na mitatu, wako kwa jirani anayeingia kazini saa 12 jioni. Afisa wa ustawi wa watoto amepiga simu akitaka jina la "kin" wao, yaani ndugu, kabla ya saa hiyo, la sivyo watapelekwa Richmond Hill, nje ya mji, kwa watu wasiowajua. Atakayejitaja atatembelewa leo hii hii, na kila anayelala nyumbani kwake ataandikwa.

KUMB. NA. 4/2026: MAANA YA NENO
Mwenyekiti aliagiza neno hilo lichunguzwe kwanza. Brice, anayesoma chuo jioni, alieleza kwamba Kiingereza cha kale kililiandika "cynn", na mzizi wake wa mbali zaidi ulihusu kuzaa.

"Basi ni damu," Mwenyekiti alisema, akashusha pumzi.

Brice aliendelea kwamba wazee wa lugha hiyo walilitumia pia kwa ukoo, kabila, aina ya mnyama, hata jinsia. Neno lao la mtu mwema, "kind", ni la ukoo huohuo, na wataalamu wengi humtia humo hata mfalme, "king". Thacienne aliuliza kama ipo maana isiyomgusa mtu anayesubiri kesi ya ukimbizi. Brice alisema hajaiona. Katibu aliongeza kwamba, kwa maelezo ya afisa, siku hizi hata rafiki wa karibu wa familia anakubalika. Mwenyekiti alisema maelezo hayo hayakuombwa.

Maana za neno zilijadiliwa kwa saa moja na nusu. Kisha Thacienne alisema, "Batakuya mu nyumba, bataandika kila mutu. Mudogo wangu hana makaratasi, atalala wapi?" Akalia. Hakuna aliyemlaumu. Sote tulikuwa na hofu, Katibu akiwemo, maana kesi yake ya ukimbizi ni Machi.

KUMB. NA. 5/2026: AZIMIO
Mwenyekiti alipendekeza afisa ajibiwe kwamba Aurore hana ndugu Toronto. Mikono miwili iliinuliwa kuafiki. Brice alitazama viatu vyake. Katibu aliagizwa apige simu.

KUMB. NA. 6/2026: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:20 jioni. Saa 11:24 Katibu alipiga simu mbele ya wajumbe. Alitaja jina lake, anwani yake na majina ya wote wanaolala kwake. Mwenyekiti alimshika mkono ili akate simu, Katibu hakukata. Afisa aliuliza kama ana uhakika. Katibu alijibu kwamba anaogopa sana, na watoto waletwe.

Mwenyekiti: amekataa kusaini
Katibu: Elysée (saini)