Ua la Mama Riziki

Changamwe, Jumapili, Novemba 1944

Si upepo. Ni mimi.

Jana nililichukua lile ua la karatasi nyekundu kwenye kaburi la mtoto wa jirani yangu, Mama Riziki. Wizi sikuukusudia. Nilitaka tu kuona alivyolikunja, kisha nilirudishe. Nikafungua mkunjo mmoja, na mwingine, hadi nikabaki na karatasi tupu yenye makunyanzi. Kulikunja upya nikashindwa, likanichanikia mikononi.

Leo baada ya ibada akalikosa. "Upepo huu!" akasema, wala hakulia.

Jioni akaniita kwake. Karatasi za rangi hazipatikani tangu vita vianze, kwa hivyo alikuwa amebandua karatasi ya pakiti ya majani ya chai. "Keti, mwanangu, nikufunze. Macho yangu yamechoka." Akanionyesha polepole, mkunjo kwa mkunjo. Kumbe ningemwomba tu...

Nilipomaliza akaligeuzageuza, akatabasamu. "Kesho ukaliweke wewe mwenyewe. Una mkono mwema."

"Haya, mama," nikaitikia.

Lile jekundu lingali chini ya godoro langu.