Miezi Saba Bila Chumvi

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeosha mawe tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Maji ya mto yamekuwa mekundu, mvua imeanza huko juu. Wenzangu wanaosha madini huku wakipiga soga. Mi hukaa mbali kidogo, karibu na matete. Nimezoea.

Nyumbani, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Bila chumvi. Mwezi wa saba sasa tangu mume wangu Pascal afe, na chumvi haijagusa ulimi wangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Mama Bernadette wa jumuiya ya kanisani amekuja tena. Nilikuwa ndani, nikanyamaza kama mwizi. Akabisha hodi mara tatu, kisha akasema, "Mama Rachel, biatu byako biko hapa ku mulango." Aibu! Nikafungua.

Jumamosi ya wiki ijayo ni zamu yangu. Jumuiya itasali kwenye parsele yangu, hapa uani, na mwenye nyumba anapika. Nikamwambia mi si mtu wa sala. Pascal ndiye aliyesali. Mi nilimfulia shati la kwaya tu. Akasema, basi pika tu. Huyu mama hachoki? Nimemchukia hadi jioni.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikuenda misa. Nilisema peke yangu, kwa sauti: Mungu, kama ni mimi, sema. Kama si mimi, sema vilevile.

Waliojibu ni kuku wa jirani tu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku zangu za mwezi zimeanza. Jumamosi zitakuwa bado hazijaisha. Nilikubalije tarehe ile bila kufikiri? Mjinga mimi!

Niandike sasa, maana hakuna anayejua.

Kwetu mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha wengine. Anamwita jirani au mtoto atie. Akitia mwenyewe, wanaokula wanaugua kifua, wanakonda. Na kwenye machimbo ni vibaya zaidi. Hata kusogelea shimo ni mwiko, udongo unakasirika. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami niliamini kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza.

Siku ile ya Machi aliyokufa Pascal nilikuwa hivyo. Jirani alikuwa sokoni. Binti yetu Rachel alikuwa Kasaji kwa bibi yake. Pascal alikuwa ametoka bila kula. Nikatia chumvi mwenyewe kwenye maharagwe, nikampelekea machimboni Mutoshi, hadi kwenye mdomo wa shimo. Alikula amesimama. Akacheka, akasema leo maharagwe matamu. Akashuka. Kabla sijafika barabarani nikasikia makelele: shimo limebomoka.

Wenzake wanasema mvua ya siku tatu ilikuwa imelainisha udongo. Mi najua nilichotia kwenye sahani ile.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamekuja, parsele ikajaa. Nilipika sombe na samaki bila chumvi. Nilijiambia watadhani nimesahau.

Mama Bernadette akaingia jikoni, akaonja. "Njo nini hii, Mama Rachel? Chakula ya hospitali?"

Nikamwambia. Yote. Siku zangu, maharagwe, shimo. Nilingoja atoke akawaambie wengine. Hakutoka. Akaketi kwenye kigoda.

"Bwana yangu, mi nilimutilia chumvi kila mwezi," akasema. "Sikukuwa na mutu wa kuita. Alikufa na malaria ku kitanda, muzee wa mvi."

Akasukuma kopo la chumvi hadi mbele yangu. "Tia."

Nikatia.

Kwenye sala yeye ndiye aliyesoma. Najua alibadilisha somo. Ilikuwa habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, akapenya katikati ya umati, akagusa vazi la Yesu kwa nyuma, kwa siri. Nimeisikia tangu utoto huku nikisinzia. Leo nimeisikia kweli. Yesu alisimama. Hakujikung'uta. Alimtafuta kwa macho kati ya watu wote wale, naye mama wa watu alikuwa anatetemeka, akaeleza yote. Nikangoja afukuzwe. Yesu akamwita binti.

Nikalia mbele ya wageni kama mtoto. Sikuona haya. Nilisema moyoni: basi na mimi niko hapa, niite.

Halafu wakala. Tata Anselme, mzee wa kwaya, alikula sahani tatu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeenda misa. Niseme ukweli, nilikwenda kuhakikisha wako hai. Nikawatazama mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Wote wapo. Katikati ya wimbo Tata Anselme akakohoa. Nikaacha kuimba. Vumbi tu. Lori la madini lilikuwa limepita nje. Akaendelea kuimba, vibaya kama siku zote. Nikacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Kisha nikapiga magoti. Kwa nini Pascal? Hilo bado sijajibiwa, na linaniuma vilevile. Lakini leo nilipouliza sikuona kama naongea na ukuta.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bibi wa Rachel amepiga simu kutoka Kasaji. Mtoto ameanza siku zake. Anamrudisha kwangu, anasema ni kazi ya mama kumfundisha miiko.

Nimezunguka na jambo hili kichwani kutwa. Mawe niliyoosha leo ni machache.

Ijumaa, 25 Oktoba

Rachel amefika. Amekuwa mrefu. Kidevu ni cha baba yake.

Jioni alipika maharagwe. Akaja hadi mlangoni na kopo mkononi, macho chini. "Mama, bibi alisema niite mutu atie chumvi."

Nililitazama lile kopo. Nikamwambia atie mwenyewe.

Ametia nyingi mno. Tumekula yote, tukanywa maji.