Kitambaa cha Mama na Kompyuta Iliyougua Kila Mchana

Kisumu, Jumamosi mchana, 1999

Jua limewaka tangu asubuhi kama halina kazi nyingine, mabati yanalia juu ya kichwa changu, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta nimejaa furaha. Saa kama hii, siku nyingine, skrini huwa imeshachafuka. Leo herufi zimesimama wima, nyeusi juu ya nyeupe, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye mstari.

Sijui nicheke au niombe.

Shajara, usishangae kwamba leo nakuandika kwa mashine badala ya kalamu. Lazima kompyuta ifanye kazi mchana wote bila kupumzika ndipo nijue kama dawa imeingia, na kazi za wateja nimezimaliza. Umebaki wewe. Nitaandika mpaka Mzee Okumu aje jioni. Skrini ikiharibika katikati ya sentensi, hiyo ndiyo itakuwa sentensi yangu ya mwisho kwenye kompyuta.

Mzee Okumu ndiye mwenye ofisi hii ya kuchapa, hapa ghorofani karibu na soko. Ni mtu mzuri na mshahara hauchelewi, lakini ni mkaidi kuliko punda wa kubeba maji. Jumatano alisimama mlangoni akasema kwamba kama kompyuta itaendelea kumtia aibu mbele ya wateja, Jumamosi jioni inarudi Nairobi ilikotoka, na sisi tunarudi kwa taipureta. Taipureta yenyewe iko hapa pembeni, kwenye meza yake, imenikodolea macho wiki nzima.

Sitaki kurudi kwake. Nimeigonga miaka mingi na sina ugomvi nayo, ila kwa taipureta kosa moja kwenye mstari wa mwisho linakurudisha mwanzo wa karatasi. Kompyuta ilipokuja nilijifunza mwenyewe, ufunguo kwa ufunguo, na kwa mara ya kwanza nikafanya kazi ambayo ukikosea unafuta na maisha yanaendelea. Nikinyang'anywa hiyo nitaumia, na sioni haya kusema.

Basi ngoja nikueleze ugonjwa wenyewe. Asubuhi mashine ni nzima kabisa. Ikifika baada ya chakula cha mchana, vinatokea vijistari vya kijani na waridi, kwanza pembeni, halafu vinatambaa hadi katikati. Herufi zinakatika viuno. Jumanne ya wiki iliyopita mwalimu mmoja alikuja kukagua mtihani wake, akakuta ukurasa umekuwa kama leso mpya iliyochuja rangi kwenye beseni. Alinitazama kama mimi ndiye niliyeumwaga wino.

Nikaupiga chapa mtihani uleule. Karatasi ikatoka safi.

Hapo ndipo nilipopata hamu ya kuwinda. Kama karatasi ni safi, kazi iliyo ndani ya mashine ni nzima, na kinachougua ni picha tu. Nikaazima skrini ya ofisi ya jirani. Vijistari vikahamia huko bila hata kubisha hodi, kwa hiyo skrini yetu haikuwa na hatia. Nikapunguza rangi. Nikaondoa programu inayoendesha skrini nikaiweka upya kutoka kwenye diski yake. Kila nilipofanya jambo nilijiona nimeshinda, na kila mara, nikikumbuka sasa, ilikuwa asubuhi.

Nikaibeba kwa fundi Wafula, ambaye ana kibanda chake mtaa wa pili. Alitoka Bungoma akitengeneza redio, siku hizi anatengeneza chochote chenye waya. Ndiye aliyenifundisha kwamba kompyuta yetu haina kadi ya picha inayochomolewa. Sehemu ya kutengeneza picha imebandikwa kwenye bodi kubwa ya ndani, na inaazima memori ya mashine yenyewe, kwa hiyo memori ikiwa na uchafu, picha nayo inachafuka. Akaichomoa memori, akasugua miguu yake kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha. Akaiacha mashine inawaka kwake mchana kutwa. Hakuna kijistari hata cha dawa.

Nikairudisha ofisini nikiimba. Kesho yake, baada ya chakula, kijani na waridi. Nikaipeleka tena kwa Wafula, ikapona mlangoni, kama mtoto anayeacha kulia akimwona daktari.

"Dada, hii kompyuta inanipenda," Wafula aliniambia. "Ukiiacha hapa haitakusumbua."

Sasa inabidi nikueleze habari za Mama, kwa maana bila yeye kisa hiki hakina kichwa.

Mama anauza nyanya na vitunguu Otonglo, kando ya barabara ya Busia, na kati ya mteja na mteja anafuma vitambaa. Nyumbani kwetu kila kitu kina kitambaa: viti, redio, chupa ya chai, hata jagi la maji. Kwake yeye, kitu kisicho na kitambaa ni kitu kisicho na mwenyewe. Kazi yangu hakuipenda. Alitaka niwe mwalimu, na kwa miaka akiulizwa nafanya nini mjini alijibu kwamba nagonga-gonga. Kompyuta ilipokuja alipita kuiona. Aliipima tu kwa mkono wake, kiganja hadi kiwiko, akaenda zake.

Aliporudi alileta kitambaa cheupe chenye maua ya manjano pembeni, kikubwa, kilichomwagika nyuma ya skrini na kushuka ubavuni mwa kasha hadi mezani, kikaacha uso tu. "Sasa iko na mwenyewe," akasema. Nilienda chooni nikalia kidogo. Nilijua amekubali.

Na kilinisaidia pia. Vumbi la soko linapanda mpaka huku juu, na kuna siku wale wadudu wa ziwani wanaingia dirishani kama moshi. Kwa hiyo kitambaa hakikutoka kwenye mashine, isipokuwa Ijumaa. Mama ana sheria, na sheria hiyo nimehama nayo: Ijumaa vitambaa hufuliwa, ili wageni wa mwisho wa juma wavikute vinanukia sabuni.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilikifua, nikakitundika dirishani, nikafanya kazi mpaka kufunga. Skrini ikawa safi mwanzo hadi mwisho, na mimi, mjinga wa Mungu, nikasema labda imejionea huruma yenyewe. Leo asubuhi nikakipiga pasi na kuivisha mashine vizuri, maana kama ni kuondoka, iondoke imependeza. Jua nalo halikuchelewa. Chai ya saa nne haijafika, kijistari cha kwanza kikachungulia.

Nilikunja mikono nikaikodolea macho. Nikawaza: jana ilikuwaje? Na Ijumaa ya nyuma? Na ile nyingine? Sijawahi kumwomba mteja msamaha siku ya Ijumaa. Na kule kwa Wafula, ni nani anayempelekea fundi kitambaa?

Nikapenyeza kiganja chini ya maua ya manjano. Kulikuwa na joto la kikaango kilichoteremshwa motoni sasa hivi. Kasha lina matundu ubavuni na nyuma, na yote yalikuwa yamezibwa na kazi ya mikono ya mama yangu.

Nilishuka ngazi mbio mpaka kwa Wafula, nikarudi naye akiwa na bisibisi na brashi ya rangi. Alipofungua tukakuta feni imejaa nyuzinyuzi na wadudu waliokauka kama omena, dagaa wadogo wa mwanasesere. Akazima, akapiga brashi, akagusa kwa kidole ile sehemu ya picha kwenye bodi, akakitoa haraka na kukipuliza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Mimi nimeuliza kila kitu," akasema, "lakini sikuuliza inavaa nini nyumbani."

Nikacheza. Peke yangu, kati ya meza na kabati, Wafula akinipigia makofi. Unajua ni raha gani kuwinda kitu siku nyingi halafu ukakishika mkiani? Tangu hapo mashine inawaka uchi, na sasa jua limeshapinda kuelekea ziwani, na herufi bado zimesimama.

Kuna jambo moja tu linanikaa kooni. Kitambaa nimekificha kwenye droo, na leo ni Jumamosi, siku ambayo Mama huja mjini kununua uzi na lazima apite hapa. Nitamwambia nini? Kwamba zawadi yake ndiyo iliyokuwa inaniulia kazi? Afadhali Mzee anifokee saa nzima kuliko kuuona uso wa Mama ukishuka.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi.

Nimerudi. Nataka kuandika yote kabla hayajapoa.

Mama aliitazama kompyuta kabla ya kunisalimu. "Akinyi, nyathina, mwanangu, nguo ya kompyuta iko wapi?"

Nilikuwa nimetunga uongo mzuri, kwamba bado haijakauka. Haukutoka. Nikamshika mkono nikauweka nyuma ya kasha, pale feni inapotolea hewa, nikamweleza kila kitu. Aliuacha mkono pale muda mrefu, kama anayempima mtoto homa.

"Kumbe hii kitu inapumua."

"Inapumua, Mama."

"Na wewe ukaniacha nifunike mtu na bado anapumua?"

Nilitafuta hasira usoni mwake nisiione. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba anayefunikwa gubigubi ni maiti. Alianza yeye kucheka, nami nikamfuata, na machozi yakanitoka hapohapo, ya kicheko na ya yale mengine. Akaomba kitambaa chake. Nikakitoa kwenye droo akakikunja mapajani.

Ndipo Mzee Okumu akaingia, mapema kuliko alivyosema. Sikuwahi hata kuubadilisha ukurasa. Alimsalimu Mama kwa heshima, akaja kusimama nyuma yangu, akainamia skrini. Nikanyoosha mkono ili nikufiche, Shajara.

"Usiguse," akasema.

Akabonyeza ufunguo wa kupanda hadi mwanzo, akasoma. Polepole, akisogeza kidole hewani. Nilihesabu makosa yangu yote duniani. Jua lilikuwa linapiga dirisha, saa mbaya kuliko zote, na skrini ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

"Herufi zinaonekana vizuri," akasema mwishowe. "Hata hii ya mkaidi kuliko punda, nimesoma bila miwani."

Mama akaziba mdomo kwa kitambaa. Mimi nilitamani sakafu ifunguke niangukie kwa fundi viatu wa chini. Nikajieleza: joto, matundu, feni, Ijumaa. Mzee akaizunguka mashine, akaweka mkono pale Mama alipouweka, akaguna. Habari ya Nairobi hakuitaja. Nami sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa njia yake. Alisimama na kitambaa mikononi akaielekea taipureta.

"Mzee, na hii ingine? Hii inapumua?"

Mzee aliisogelea. Ndiyo aliyoanzia ofisi hii, kabla hajaniajiri. Akabonyeza herufi moja, mkono wa chuma ukainuka ukagonga mahali pasipo na karatasi.

"Hapana, Mama," akasema. "Hiyo imepumzika. Funika."

Mama akaifunika yote, pamoja na uso, akanyoosha pembe moja baada ya nyingine kwa kiganja. Kikatosha kama kilifumwa kwa ajili yake.

Wameondoka wote wawili, Mzee kwake, Mama dukani kwa uzi. Ameniachia agizo kwamba Jumatatu nifungue dirisha kabla ya kuiwasha mashine, ipate hewa ya ziwa kwanza. Skrini bado ni safi. Nitakuhifadhi kwenye diski, nizime, niende nyumbani.

Na kitambaa kitafuliwa Ijumaa, kama kawaida.